Injini Ikilalamika Ndege Ndiyo Kwanza Imepaa

Alfajiri ya Julai 2, 2014, ndege ya mizigo aina ya Fokker 50 iliondoka katika Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta ikielekea Mogadishu na shehena ya miraa. Haikufika mbali. Ilianguka katika mtaa wa Utawala muda mfupi baada ya kupaa, na watu wanne waliokuwa ndani wakafariki. Wachunguzi waliposoma rekodi za safari walibaini kuwa marubani waliondoka wakijua ndege ina hitilafu, na kwamba mitambo iliwatahadharisha mara 27. Bado hawakukatiza safari.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya watu wa Nakuru na Bonde la Ufa la kati: abiria wanaopanda ndege ndogo kutoka Lanet, Naivasha au kiwanja cha Naishi kilicho ndani ya hifadhi ya Ziwa Nakuru, wanafunzi wa urubani wanaovuka bonde hili wakitokea Uwanja wa Wilson, na wakulima wa Njoro, Rongai na Bahati ambao huenda siku moja mashamba yao yakageuka uwanja wa dharura. Nimeanza na Utawala kwa sababu watu wakizungumzia onyo la injini huuliza rubani afanye nini taa ikiwaka angani, na husahau kuuliza ilikuwaje hitilafu ikaruhusiwa kuondoka ardhini. Si kila kasoro hujitokeza mapema. Zile zinazojitokeza ndege ingali chini hazina udhuru wa kupelekwa juu, na mara nyingi abiria ana mchango wake katika uamuzi huo, kama tutakavyoona.

Hewa ya Nakuru na milima yake

Mji wa Nakuru uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Lanet iko juu zaidi kidogo. Alasiri ya Februari, joto likifika nyuzi 27, hewa ya hapa huwa nyepesi kama ile ambayo kwa kawaida ungeikuta kwenye mwinuko wa mita 2,700 hivi. Injini ndogo ya pistoni isiyo na mtambo wa kuisukumia hewa hupoteza takriban robo ya nguvu zake katika hali hiyo. Mabawa hupata hewa haba ya kuyabeba, na rafadha hupata hewa haba ya kuvuta. Cessna 172 inayopanda vizuri pale Malindi hapa hupanda kwa chini ya nusu ya kasi ile, tena baada ya kukimbia umbali mrefu zaidi ardhini.

Kwa hiyo onyo likija dakika moja baada ya kupaa, rubani wa Nakuru ana nusu tu ya kimo ambacho mwenzake wa pwani angekuwa nacho. Na ardhi yenyewe inapanda. Mashariki kuna miinuko ya Bahati na nyuma yake safu ya Nyandarua, au Aberdare, inayokaribia mita 4,000. Magharibi kuna Mau, inayofika karibu mita 3,000. Kaskazini ukingo wa Menengai una mita 2,278. Ndege nzima hupita kote huko bila shida, lakini yenye injini inayokohoa inaweza kujikuta imeingia bonde ambalo haiwezi kulipanda wala kugeukia ndani yake. Milima hii huficha pia. Ndege aina ya Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi Juni 5, 2018 iligonga Aberdare na kuua watu 10. Haikuwa ajali ya injini, ila ilichukua siku mbili kuyafikia mabaki kwa sababu ya ukungu na msitu.

Mambo mawili ya hapa huwaponyoka marubani waliojifunzia nyanda za chini. La kwanza ni mchanganyiko wa mafuta na hewa: kwenye kimo hiki injini ya pistoni ikipewa mafuta kama ya Mombasa hulemewa nayo, hutetemeka na kupungukiwa nguvu, na rubani anaweza kudhani imeharibika. Mchanganyiko hurekebishwa kabla ya kuondoka. La pili ni barafu kwenye kabureta. Huhitaji baridi kali ili barafu hiyo ifanyike. Asubuhi yenye unyevu ya Naivasha au Kinangop inatosha, kwa kuwa hewa ikipita kwenye kabureta hupoa sana. Injini hupungua nguvu polepole, na dawa yake ni kuvuta kitasa cha joto la kabureta mapema, kabla injini haijapoa.

Wanaoijua Rift hupenda kuondoka asubuhi, hewa ikiwa bado na uzito na upepo wa mchana haujaanza kuporomoka kutoka kwenye kingo za bonde. Nashauri abiria aliyeambiwa aripoti saa kumi na mbili na nusu asinung'unike.

Taa inasema nini

Nyekundu ni onyo: jambo la kushughulikiwa sasa hivi, kama moto au shinikizo la oili kuanguka. Manjano ni tahadhari: jambo la kulitambua na kulipangia. Ndege ndogo za zamani hazina taa nyingi, zina saa za mishale, na rubani lazima asome mishale miwili kwa pamoja. Shinikizo la oili likishuka huku joto la oili likipanda, injini inakaribia kufa na kilichobaki ni kuchagua mahali pa kutua. Shinikizo likishuka na joto likabaki pale pale, huenda kilichoharibika ni kipimo. Hata hivyo ndege irudi chini, kwa kuwa hakuna fundi angani wa kuthibitisha.

Sekunde za kwanza

Kila mwanafunzi wa urubani hufundishwa mpangilio usiobadilika: rusha ndege, ielekeze, kisha ndipo uzungumze. Inaonekana rahisi darasani. Injini inapozima mita 100 juu ya miti, mwili wa binadamu hutaka kuvuta usukani ili ndege isishuke, na hapo ndipo wengi hupotea, maana pua ikiwa juu bila nguvu ya injini kasi huisha na mabawa huacha kuibeba ndege. Jambo la kwanza ni kushusha pua. Cessna 172 huteleza vizuri kwa mwendo wa noti 65 hadi 68 kutegemea toleo. Caravan iliyojaa huhitaji karibu 95. Rubani anapaswa kuitamka namba hiyo kabla ya kuachia breki, ili isiwe jambo la kukumbukwa wakati wa hofu.

Ikiwa injini bado inatoa nguvu, ingawa taa inawaka, itumike ilivyo. Kuvutavuta wenzo wa nguvu ili kuona kama itachangamka kumewahi kuizima injini iliyokuwa inajikokota vizuri. Rubani apande taratibu, ageuke kwa mwinamo mdogo, akae karibu na kiwanja, kisha atue.

Ikiwa imekufa kabisa na ndege iko chini ya mita 300 kutoka ardhini, jibu la kawaida ni kutua mbele, ndani ya nyuzi 30 hivi kushoto au kulia kwa uelekeo wa ndege. Kurudi kiwanjani kunavutia mno kwa sababu barabara ya kurukia iko pale nyuma, tupu na laini. Hesabu inakataa. Kutoka mita 150, Cessna 172 huteleza kama kilomita 1.3 tu katika hewa tulivu, na kurudi kunahitaji kugeuka zaidi ya nusu duara ili kuikuta tena njia. Ukiinamisha ndege nyuzi 45 ili ugeuke haraka, kasi ya chini kabisa inayoweza kuibeba hupanda kwa karibu asilimia 19, na kimo huliwa kwa kasi. Dereva wa matatu anayeona taa ya joto kule Salgaa huegesha kando ya barabara; rubani hana kando. Ana kile kilicho mbele ya kioo chake.

Kimo kikiruhusu, na tu kama kinaruhusu, rubani hupitisha mkono kwenye vitu vichache vinavyoweza kuifufua injini: swichi ya kuchagua tangi, pampu ya mafuta, joto la kabureta, mchanganyiko, swichi za cheche. Caravan ina wenzo wa dharura unaopeleka mafuta kwenye injini moja kwa moja iwapo kidhibiti kimeharibika. Njaa ya mafuta ni chanzo cha kale. Beryl Markham, aliyekulia Njoro na kujifunza urubani nchini hapa, alivuka Atlantiki mwaka 1936 akitokea Uingereza, na injini yake ikazima karibu na ufuo wa Kanada. Inasimuliwa kuwa barafu iliziba tundu la hewa la tangi. Alitua kwenye kinamasi na kutoka hai. Maji ndani ya mafuta hufanya vivyo hivyo, na ndiyo sababu rubani hukinga mafuta kidogo kwenye chupa ya kioo kila asubuhi na kuyatazama dhidi ya mwanga. Ukiona rubani anaruka hatua hiyo, una haki ya kumuuliza.

Simu ya redio huja mwisho: neno Mayday mara tatu, jina la ndege, mahali, shida, idadi ya watu. Masafa ya dharura ni 121.5, na namba ya kuweka kwenye mtambo wa rada ni 7700.

Shamba gani?

Hapa Nakuru ina neema zake. Shamba la ngano la Njoro lililovunwa ni mahali pazuri kuliko pengi nchini, na nyasi za ranchi za Elmenteita na Gilgil pia, mradi hakuna mifugo. Mahindi marefu hupunguza mwendo ghafla na yanaweza kuipindua ndege, lakini bado ni bora kuliko miti. Ndege itue kufuata mistari ya kilimo, isiikate. Mkonge wa Rongai na Mogotio uepukwe. Vibanda vya maua vya Naivasha huonekana kutoka juu kama uwanja mweupe laini, kumbe ni vyuma na waya, na ndani kuna watu kazini. Migunga iliyozunguka Ziwa Nakuru haina huruma.

Hofu yangu kubwa ni nyaya za umeme. Njia kubwa zinazotoka mitambo ya mvuke ya Olkaria zinavuka bonde hili, na waya wenyewe hauonekani hadi umeufikia. Rubani atafute nguzo, na kama ni lazima kuvuka, avukie juu ya nguzo yenyewe. Barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru inavutia pia, ila malori hayaishi hapo usiku wala mchana.

Ziwa liwe la mwisho. Oktoba 21, 2017 helikopta ilianguka katika Ziwa Nakuru muda mfupi baada ya kuruka, watu watano wakiwa ndani, na msako uliendelea kwa majuma katika maji yale yenye magadi na matope yanayoficha kila kitu. Rubani akilazimika kutua majini, atue kando kabisa, sambamba na ufuo.

Kabla ya kugusa ardhi: mafuta yafungwe, umeme uzimwe, mlango ufunguliwe kidogo usije ukakwama fremu ikipinda, na ndege iguse ikiwa na mwendo mdogo kadiri inavyowezekana, ikielekea upepo.

Injini mbili na ndege wa maziwa

Abiria hupumua wakiona rafadha mbili. Kuna sababu, ila ndege ndogo yenye injini mbili za pistoni, ikiwa imejaa, katika hewa nyepesi ya Nakuru, huenda isiweze kupanda kwa injini moja. Injini iliyobaki huisaidia tu kufika mahali pazuri pa kutua. Ndege kubwa za abiria hupimwa kwa masharti makali zaidi: kuna kasi ya uamuzi, inayokokotolewa kila safari; kabla yake ndege husimamishwa, baada yake huendelea kupaa hata injini moja ikifa, kwa kuwa barabara iliyobaki haitoshi.

Kinachowaua watu katika ndege hizi mara kadhaa kimekuwa haraka ya mkono. Februari 4, 2015, ATR 72 iliyokuwa na watu 58 ilipaa kutoka Taipei, Taiwan. Injini ya kulia ikapoteza nguvu na onyo likalia. Rubani akapunguza, kisha akazima, injini ya kushoto iliyokuwa nzima. Ndege ilianguka mtoni ndani ya dakika tatu hivi, na watu 43 wakafa. Ndiyo maana mashirika mengi hayaruhusu kugusa kitu hadi ndege ifike angalau futi 400, na hutaka marubani wote wawili watamke na kuthibitisha ni injini ipi kabla ya kuizima.

Halafu kuna wenyeji wa maziwa yetu. Mwari mweupe anaweza kufikia kilo 10 na zaidi, huzaliana Elmenteita na hupanda juu kwa hewa ya joto ya mchana akienda kutafuta samaki Nakuru na Naivasha. Heroe husafiri kati ya maziwa usiku zaidi. Tai wa miamba ya Hell's Gate huelea juu sana. Wa jamii ya Rüppell aligonga ndege ya abiria mwaka 1973 karibu na Abidjan kwenye kimo cha zaidi ya mita 11,000. Mfano ulio karibu na hali yetu ni Bahir Dar, Ethiopia, mji ulio kando ya Ziwa Tana kwenye mwinuko unaokaribia ule wa Nakuru. Septemba 15, 1988, Boeing 737 ilivuta njiwa katika injini zote mbili wakati inapaa. Marubani walijaribu kurejea, injini zikafa, wakatua kwa tumbo uwandani na moto ukawaka. Kati ya watu 104, 35 walifariki. Uwanja mkubwa ukijengwa Nakuru, suala la ndege wa angani, jalala na uvuvi karibu na njia ya kupaa lipewe uzito sawa na lami.

Wewe uliyekaa kiti cha nyuma

Sikiliza maelezo ya kabla ya safari, hata kama umepanda Caravan mara nyingi. Hesabu kwa mkono viti kati yako na mlango, maana moshi ukija hutaona. Jifunze kufungua mkanda huku umefumba macho. Ni tofauti na wa gari, na walio katika hofu hutafuta kitufe cha kubonyeza.

Ukiona moto, oili ikitiririka kwenye bawa au moshi, mwambie mhudumu au rubani mara moja, na useme upande. Januari 8, 1989, Boeing 737 ilianguka karibu na kijiji cha Kegworth, Uingereza. Rubani alitangaza kuwa shida iko injini ya kulia, huku baadhi ya abiria na wahudumu wakiwa wameona cheche upande wa kushoto. Hakuna aliyemfikishia habari hiyo. Aliyoizima ndiyo iliyokuwa nzima, na watu 47 walikufa. Usidhani rubani anaona kila kitu. Injini nyingi ziko nyuma ya mgongo wake. Ila katika ndege ndogo, wakati anashuka kutua kwa dharura, sema neno moja kisha nyamaza.

Ukiambiwa jiandae: vua miwani, toa vitu vyenye ncha mfukoni, kaza mkanda chini nyongani, inama, kichwa kikikaribia kiti cha mbele, mikono ikikilinda. Ndege ikisimama kabisa na rafadha ikiacha kuzunguka, toka na uache mzigo. Kama ni majini, usijaze jaketi la kuokolea ukiwa ndani. Ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka baharini Komoro Novemba 1996 ilipoteza watu walioelea hadi darini mwa chumba cha abiria na kushindwa kupiga mbizi kuufikia mlango.

Na kuna lile nililoahidi mwanzoni. Huku kwetu ndege ya kukodi mara nyingi hubeba mtu mwenye haraka: mgombea anayesubiriwa na umati, mfanyabiashara, familia yenye harusi. Rubani akisema kuna taa haijakaa vizuri, mwenye fedha humpigia mwenye ndege simu. Usifanye hivyo, na usikae kimya ukiona mwenzako akifanya. Mpe rubani nafasi ya kusema hapana mbele ya watu bila kuaibishwa. Uliza swali moja: fundi ameiona na kutia sahihi kwenye daftari la ndege? Kama jibu halieleweki, kutoka Nakuru hadi Nairobi ni kilomita 160 hivi kwa barabara, na gari lipo.

Ikianguka karibu na shamba lako

Piga 999 au 112. Msalaba Mwekundu wapo kwa 1199. Taja kijiji na alama inayojulikana, kama shule au kanisa. Mfikie majeruhi ukitokea nyuma ya ndege na upande unakotoka upepo, kaa mbali na rafadha hata ikiwa imesimama, na mtu yeyote asiwashe sigara wala kuegesha pikipiki karibu, maana petroli ya ndege huvuja bila kuonekana. Aliye katika moto mtoe. Asiye katika hatari ya moto au maji msubirie wahudumu, shingo yake isije ikaumizwa zaidi.

Watu wakishatoka, mabaki yasiguswe. Kipande kidogo cha bomba kilichookotwa na kuuzwa kwa wauza vyuma chakavu chaweza kuwa ndicho kilichosababisha injini kufa. Idara ya Uchunguzi wa Ajali za Ndege iliyo chini ya Wizara ya Uchukuzi ndiyo inayopewa eneo hilo, na kwa utaratibu wa kimataifa taarifa ya awali hutarajiwa ndani ya siku 30. Kama ulipiga video kabla polisi hawajafika, ihifadhi bila kuikata na uwapelekee wachunguzi. Waeleze pia ulichosikia: injini ilikuwa inanguruma sawasawa, inakohoa, au ilikuwa kimya?